Kishik. Moja, Ghorofa ya Pili

Kikao cha Jumanne kilianza saa nne kasorobo badala ya saa tatu, kwa sababu mkurugenzi alikuwa akitafuta mahali pa kuweka kalamu. Kalamu ya kishikwambi ina sumaku na hunata ubavuni mwa kishikwambi chenyewe. Alikuwa ameelezwa hivyo mara tatu. Wajumbe sita walikaa wakimtazama, kila mmoja na glasi yake ya maji, mpaka mwandishi wa kumbukumbu alipoitoa ile kalamu mkononi mwa bosi na kuinatisha.

Mwandishi huyo walimwita Mama Nukta. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameandika kumbukumbu za idara kwenye madaftari yenye jalada gumu, na ili aende sambamba na midomo ya wakubwa alikata maneno katikati na kuyatia nukta. Mkurugenzi alikuwa "mkur.", utekelezaji ulikuwa "utek.", ingawa hilo la pili halikuhitajika sana. Akimaliza, aliyarefusha yote kwenye kompyuta. Hakuwahi kukosea, isipokuwa mara moja.

Mara hiyo moja ilihusu ngazi. Jengo la idara lina ngazi za saruji zenye vidato kumi na saba kwenda ghorofa ya pili, na kishikio chake, lile bomba la chuma la kushikilia, kiling'oka kuanzia kidato cha tisa kwenda juu. Kilizungumzwa katika vikao kumi na kimoja. Kila kikao, chini ya kichwa cha "Yatokanayo na kikao kilichopita", Mama Nukta aliandika kwamba suala la kishikio linashughulikiwa. Kikao cha kumi na mbili mkurugenzi aliudhika kulisikia tena, akasema basi ijazwe fomu. Kisanduku cha maelezo ya kifaa kwenye fomu ile hakitoshi hata jina la ukoo. Mama Nukta aliandika: Kishik. 1, ghorofa ya 2, haraka.

Afisa ugavi akanunua kishikwambi.

Tena hakikuwa kishikwambi cha kutazamia picha. Kilikuwa cha kuandikia tu, chenye kioo kisichowaka, cha rangi ya karatasi, na maandishi meusi yanayokaa yakitulia kama yamechapwa. Hakipigi simu, hakicheki, hakilii. Muuzaji alikisifu kwamba ukikiandikia unasikia mkwaruzo uleule wa kalamu juu ya karatasi. Yaani watu wenye shahada zao walikesha miaka wakihangaika kutengeneza karatasi, na karatasi ilikuwa kabatini, rimu nne. Bei yake ingenunua kishikio kile na kupaka ngazi nzima rangi.

Aliyekipandisha ni tarishi wa idara, mume wa mdogo wake Mama Nukta. Alikifikisha salama, akasainiwa, akakabidhiwa boksi tupu ashuke nalo. Kwenye kidato cha kumi kutoka chini alinyoosha mkono kushika kishikio. Walimzika Alhamisi. Mkurugenzi alizungumza makaburini kwa dakika ishirini, na kumi na tano kati ya hizo zilihusu idara kuachana na karatasi.

Kikao kilichofuata, kile cha kutafuta kalamu, Mama Nukta alifika kwenye Yatokanayo na kuandika neno kishikio. Kioo kilipepesa, kikawa cheusi chote, kikawa cheupe, kama kinavyofanya kila kinapogeuza ukurasa, na tarishi akatoka. Alitokea kona ya chini ya ukurasa, mguu wa kulia kwanza, akajishikiza kwenye ukingo wa meza na kujipangusa vumbi la saruji magotini. Bado alikuwa na boksi.

"Samahani kwa kuchelewa," alisema.

Mkurugenzi alimwambia akae. Mjumbe mmoja aliuliza kama aandikwe kwenye waliohudhuria au kwenye wasiohudhuria kwa udhuru, wakabishana kidogo, wakaafikiana aandikwe mwalikwa. Mama Nukta aliandika hivyo. Alifurahi kumwona shemeji yake, na aliona aibu kiasi kwamba hakuweza kumtazama usoni.

Ajenda ya nne siku hiyo ilikuwa tathmini ya kifaa kipya: je, kina thamani ya bei yake? Mjumbe wa mipango alisema hakichoshi macho. Mjumbe wa viwanja alisema yeye, kusema kweli, hajaona kinachozidi daftari.

"Daftari limewahi kumtoa mtu?" aliuliza mkurugenzi.

Mkurugenzi alimgeukia tarishi. "Haya, wewe uliyetoka humo. Unasemaje?"

"Kwa kuandika, bosi, ni daftari tu. Na daftari haliombi chaji."

Wajumbe walicheka, kisha wakaona mkurugenzi hacheki, wakakohoa.

Kila neno kishikio lilipoandikwa alitoka tena, na kufikia kikao cha nne watu walishazoea. Nafasi ya tarishi haikutangazwa, kwa kuwa tarishi alikuwepo kila Jumanne, na barua za wiki nzima zilimngoja kwenye trei. Alizichukua, akashuka, akafika kidato cha kumi, akanyoosha mkono. Kishindo kilisikika hadi chumba cha kikao. Mwili haukuonekana chini, lakini barua zilitapakaa sakafuni, na mlinzi wa mlangoni alizikusanya na kuzipeleka zinakokwenda. Zilifika mapema kuliko zamani.

Siku moja Mama Nukta alimvizia juu ya ngazi kabla hajashuka.

"Shemeji, nyumbani hawajambo?" aliuliza tarishi.

"Hawajambo. Ila mdogo wangu anakulaumu, umeondoka na ufunguo wa kabati."

Alijipapasa mfukoni, akautoa, akampa. "Mwambie asinidhanie mwizi. Mahari yenyewe nilimaliza."

Mama Nukta alicheka, kisha kicheko kikamgeukia kilio. Tarishi alimwacha alie.

"Naumia, shemeji," alisema baadaye. "Kila Jumanne mgongo uleule. Wawekeeni watu kishikio, hoja ifungwe."

"Ikifungwa hutoki tena."

"Ndiyo."

"Mdogo wangu nimwambie nini?"

"Mwambie sasa nimepumzika kweli."

Jumanne iliyofuata Mama Nukta alifanya jambo ambalo mwandishi wa kumbukumbu hafanyi: alinyoosha mkono, akaomba kuzungumza. Alisema kishikio kinunuliwe na hoja ifungwe. Afisa ugavi alifungua faili lake na kumwonyesha kwamba kishik. moja, ghorofa ya pili, ilikwisha kununuliwa na kupokelewa, na utaratibu haumruhusu kununua kitu kilekile mara mbili ndani ya mwaka.

"Nukta ni yangu," alisema Mama Nukta. "Mimi ndiye niliyekata neno. Nilimaanisha kishikio."

"Mama, mimi nanunua kilichoandikwa. Sinunui kilichomaanishwa."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa kwa huzuni aliyoiandaa vizuri. "Tukitengeneza ngazi, hoja inafungwa. Hoja ikifungwa, tunampoteza shemeji yako mara ya pili. Mama Nukta, moyo huo unautoa wapi?"

Wajumbe walimtazama, wakatikisa vichwa. Hawakutegemea mwanamke wa umri wake awe mkatili namna ile. Tarishi aliyekuwa kwenye kiti cha mwalikwa alifungua mdomo, lakini waalikwa hawachangii mpaka waulizwe, na hakuulizwa.

Kikao kiliazimia kwamba kifaa kina thamani ya bei yake na zaidi, na kwamba kila mjumbe anunuliwe cha kwake. Fomu ililetwa. Kisanduku kilikuwa kilekile. Mama Nukta alishika kalamu ya wino, akafikiri, akaandika polepole: Kishik. 6, ghorofa ya 2, haraka. Aliikabidhi akitumaini kwamba safari hii kosa lingeangukia ngazi.

Safari hii afisa ugavi alikuwa makini. Alivaa miwani, akaisoma fomu mara mbili, akainama, na kwa herufi ndogo sana, zilizobanana, akaimalizia mwenyewe: wambi.

Mkurugenzi alisaini. Fomu ikatiwa kwenye bahasha, bahasha akapewa tarishi, aliyesimama, akamwinamia kichwa shemeji yake, akatoka. Mlango uliachwa wazi. Mama Nukta alihesabu nyayo zake kutoka juu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba.

Kishindo kilipopita, mkurugenzi aliuliza kama kuna lingine. Wajumbe walikuwa wameshaanza kukusanya miwani yao. Mama Nukta aliandika kwamba suala la kishikio linashughulikiwa. Chini yake aliandika Mengineyo, na mbele ya hapo, kwa neno zima lisilokatwa, akaandika: hayakuwepo.