Ukuta wa Darasa la Sita

Bi Noreen Ashworth si mtu wa kupandwa na hasira ovyo, lakini Mei ile hata chai ilikuwa haimshuki. Alifundisha darasa la sita katika mji mmoja wa Lancashire ambao viwanda vyake vya pamba vilikufa zamani na bendi yake ya matarumbeta ikagoma kufa. Sasa shule ilikuwa imemnyang'anya mtoto wa miaka kumi tarumbeta kwa sababu ya sarufi.

Sarufi yenyewe wataalamu wanaiita dhamira tegemezi, lugha ya mambo yanayotamaniwa na yasiyokuwepo. Sisi tunaisema kutwa bila kuombwa: ningekuwa, laiti, na aende zake. Waingereza wenyewe wameshaisahau karibu yote, wamebaki na makombo mawili matatu, na makombo hayo ndiyo wanayowatesea watoto katika mtihani wa taifa wa Mei.

Mwalimu mkuu, Bwana Lomax, alikuwa na watoto aliowaita wa mpakani, wale ambao wakisukumwa kidogo watafaulu. Tangu Pasaka hao walitolewa kwenye kila kipindi chenye raha wakakalishwa na sarufi. Bryony Halstead alikuwa wa mpakani, na raha yake ilikuwa Alhamisi asubuhi, Bwana Ormerod alipokuja kufundisha tarumbeta. Ormerod ndiye pia aliyeongoza bendi ya watoto ya mji, na sheria yake ilijulikana: asiyehudhuria Alhamisi haandamani na bendi katika gwaride la Ijumaa ya Pentekoste.

"Gerald, utamkosesha mtoto gwaride," Bi Noreen alimwambia Lomax. "Mwaka huu yeye ndiye wa kupiga peke yake mbele ya kanisa."

"Bendi haipimwi, Noreen. Sarufi inapimwa."

"Ni swali moja lile. Alama moja."

"Alama moja ndiyo inayomtenga aliyefaulu na aliyefeli. Na shule nayo inapimwa, usisahau."

Bi Noreen akatii. Wale watoto wa mpakani wakaketi mbele yake wakisikiliza matarumbeta ya wenzao upande wa pili wa ukuta. Kitabu kiliwataka waandike wangefanya nini kama wangekuwa wafalme. Bi Noreen akakifunga. Akawaambia kila mtu aandike analolitamani kweli, kwa ile sarufi, kwa herufi kubwa, abandike ukutani.

Bryony aliandika: Ningekuwa mjinga kabisa, wangeniacha nipige tarumbeta.

Bi Noreen aliisoma akaona hakuna cha kusahihisha. Maana ndivyo ilivyokuwa. Waliokwisha kukatiwa tamaa waliachwa wakapige matarumbeta yao.

Wiki ya mtihani ikafika. Sheria ya wiki hiyo ni kwamba darasani kusionekane neno hata moja la kumsaidia mtoto; kuta hufunikwa kwa karatasi au huvuliwa kila kitu. Lomax akapita kukagua, akakuta ukuta mweupe kama sahani iliyooshwa.

"Safi sana, Noreen."

"Nimefuata sheria," alijibu.

Hakusema karatasi zimekwenda wapi. Jumatatu asubuhi ukumbi wa shule ulijaa, maana siku ya mtihani watoto huandaliwa mkate wa kuchoma na jemu, na wazazi hualikwa. Huko ukumbini hakufanywi mtihani, basi sheria haikukataza kitu. Matamanio ya watoto wa mpakani yalikuwa yamebandikwa pale juu ya birika la chai, kila aliyekwenda kujimiminia aliyasoma.

Babu yake Bryony, mzee Clifford Halstead, alisoma na kikombe mkononi. Akarudia kusoma. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Si uliniambia umechoka nayo?"

Bryony alitazama mkate wake. "Ungekuja kugombana, babu. Na daktari alisema moyo wako usipandishwe."

Mzee akaweka kikombe mezani na kumwendea Lomax, aliyekuwa akigawa tabasamu mlangoni.

"Sikiliza, kijana. Tangu Pasaka nimemnunia huyu mtoto. Nimemwita mvivu mezani kwangu, chakula kikiwa mdomoni mwake."

"Mzee Halstead, ni kwa faida yake. Leo mtihani, wiki hii ikiisha yote yamekwisha, atarudi kwenye bendi."

"Atarudi wapi? Kiti chake katika bendi amepewa mtoto wa Duckworth jana. Na tarumbeta ya bendi niliirudisha mimi, kwa mikono yangu hii. Niliipiga nikiwa na umri wake, nikaona haya kuiacha ikae uvunguni kwa mtu asiyeitaka."

Lomax akasema wazazi sasa wawapishe watoto waende kwenye mtihani. Alimtazama Bi Noreen kwa jicho la tutaonana ofisini. Bi Noreen naye alimkazia macho, hakuyashusha. Lakini moyoni alijua amechelewa. Karatasi zile alipaswa kuzitundika ukumbini tangu Aprili. Alingoja sheria imfungulie mlango, na wakati anangoja, kiti kilikwenda.

Swali lile la sarufi lilikuwemo katika mtihani, karibu na mwisho. Alipopita kukusanya karatasi aliona Bryony amelijibu, sawasawa kabisa, kwa mwandiko wa kutulia. Lomax angepata alama yake.

Watoto walipotoka, Bryony alibaki akifunga mkoba.

"Lile swali la kutamani," Bi Noreen alisema, "halikukusumbua?"

"Hapana, mwalimu. Ni rahisi. Unawaza kitu ambacho hakitatokea, halafu unakiandika."

Akavaa mkoba, akatoka kumtafuta babu yake, aliyekuwa bado amesimama getini.