Maji ya Kunawa

...na shemeji Anatoli amenyoosha mikono juu ya beseni kama mtu asiye na neno, jagi ninalo mimi, limeinama lakini halijatoa tone, nimemnawisha mzee Zefania wa kanisani, nimemnawisha dada, amebaki huyu, nikimnawisha tukala sinia moja basi yamekwisha, ndivyo alivyotangaza mzee, "Leokadia mwanangu, ya nyumbani huishia nyumbani, Marekani isituvunjie ukoo," Marekani! kwani ni Marekani iliyofungua mlango wa chumba changu dada akiwa zamu, kwa wale wazee anaowatunza? nilisema wazi, mimi sijui kuzungukazunguka, nilisema mumeo alinibaka, na dada Dorothea akaanza kukunja nguo... nguo zilizokwisha kunjwa... rafiki yangu Jerotich, ninayelala kwake Hyattsville sasa, asubuhi alicheka kwa hasira, "Wee, ukamwoshe mikono? Kwani kwa dada yako huko Columbia Heights hakuna sinki?" ndiye aliyenipeleka kwa wakili wa msaada wa kisheria, mama mmoja wa sauti ya taratibu, akaniambia naweza kwenda polisi, naweza kuomba amri ya hakimu asinikaribie, naweza kumdai fidia mahakamani, na mshauri wa kuongea naye yupo, bure, hata kama sijaamua lolote, uamuzi ni wako, alisema, nikamkasirikia, kwa nini uwe wangu peke yangu, nilimtaka dada pale, anishike goti kama siku ile niliyong'olewa jino, Bukoba, akiniambia lia tu, mimi nipo... "Mimina basi, shemeji, ndizi zinapoa," na anatabasamu, mwanaharamu, na dada anaziangalia hizo ndizi, dada, inua macho, mara moja tu, sikuombi useme... hainui... kumbe ndilo nililokuwa nangoja miezi yote hii, wakili ananieleza sheria na mimi nangoja macho yako, kana kwamba usiponiamini basi halikutokea, nalo lilitokea, Dorothea, lilitokea uone usione, "Leokadia, maji," mzee anakohoa, mkono umeanza kuniuma na sijamimina, wananitazama wote isipokuwa wewe, kesho nakwenda kwa wakili, nimwambie twende polisi, na nitatamani uwe nami njia nzima, dada yangu, nitatamani hata hakimu akiwa ananiuliza, lakini nitaanza kusema bila wewe.