Pale Chokaa Ilipokataa

Jumatatu, tarehe 9 Juni 1975. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Loleza mpaka kwenye mapaa ya Mbeya, na majani ya nyuma ya zahanati yalikuwa yameganda kwa umande mweupe, ukiyakanyaga unayasikia yakivunjika. Philbert, msaidizi wa daktari wa meno, alinawa mikono kwa sabuni na maji yaliyouma kama sindano, akaipitishia spiriti, kisha akachota mafuta ya mgando kwenye kopo dogo lililokaa dirishani. Mkewe, Esta, ndiye aliyemnunulia. Kila baridi ilipoingia vidole vyake vilipasuka mpaka vikatoa damu, na Esta alisema kuwa mtu wa hospitali hawezi kumshika mgonjwa kwa mikono iliyopauka kama magome ya mti. Philbert alijipaka, akajifuta kwa kitambaa safi, akasali sala yake fupi ya kila asubuhi, kisha akafungua mlango.

Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa Kalista, naye alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge.

Philbert alijua mara moja. Dawa ya jino lake ilikuwa imedondoka tena.

Kalista alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja cha wafugaji huko bonde la Usangu. Wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wakamzalia njiani, kama alivyopenda kusema. Mwaka uliopita ndama alimpiga kwato mdomoni na kumvunja nusu ya jino la mbele. Wakati huo ndipo zahanati ilipopata dawa mpya ya kuziba meno, ya rangi ya jino lenyewe, ambayo haikuhitaji kuchimba shimo kubwa. Jino linapakwa tindikali kidogo mpaka linakuwa jeupe kama chaki, linaoshwa, linakaushwa, kisha dawa inabandikwa, nayo inashika. Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Kwa Kalista ilishika mpaka Krismasi, ikadondoka. Ikabandikwa tena, ikadondoka kwenye ugali. Ikabandikwa mara nyingine, na sasa ilikuwa imedondoka mara ya tatu.

Alikaa kwenye kiti akaeleza kwa sauti ya chini yaliyompata darasani. Jino likiwa pungufu, herufi ya f ilimtoka na mluzi ndani yake. Wanafunzi wake walikuwa wazee watupu, watu wa heshima, nao walidhani ndivyo herufi hiyo inavyotamkwa. Darasa zima lilikuwa likipiga mluzi. Mumewe, Nkuba, ambaye alimsindikiza na kukaa karibu na mlango na fimbo yake, aliongeza kwamba ng'ombe waliopita nje walikuwa wakisimama wakidhani wanaitwa.

"Cheka, shemeji," alimwambia Philbert. "Mimi nilishacheka nikachoka."

Philbert hakucheka. Alilitazama jino akaona ukweli wake. Kila dawa ilipobanduka iliondoka na kipande kidogo cha jino. Kilichobaki kingetosha kubandikiwa mara moja tu. Ikidondoka tena, jino litang'olewa, na Kalista atafundisha akiwa na pengo maisha yake yote. Alimweleza hivyo bila kumficha.

Kalista alikishusha kitenge chini ya kidevu. Kisha akasema, "Kaka Philbert, fundi wa saa huniahidi. Fundi cherehani huniahidi, hata akijua anadanganya. Wewe tangu nianze kuja hapa hujaniahidi kitu. Unasema tu, tuombe Mungu. Niahidi kwamba safari hii dawa itakaa."

Philbert alitaka sana kumpa neno hilo. Lakini nyumbani kwao Philbert ahadi ilikuwa kitu kinachosemwa mbele ya Mungu, na mtu hamwekei Mungu rehani jambo asilolijua. Akamjibu kwamba hawezi, kwa sababu hajui kwa nini inadondoka. Alimpaka dawa ya muda, ya kuzuia maumivu tu, akamwomba asubiri mpaka ajue.

Daktari wa meno, Liberatus, alikuja kutoka Iringa mwisho wa mwezi, kama kawaida yake, akiwa na sanduku lake na utani wake. Alikuwa Mkatoliki, na alizoea kumwambia Philbert kwamba Walutheri huimba vizuri kwa sababu hawana kazi nyingine kanisani. Siku hiyo hakutania. Alisema kwamba hata kule Iringa dawa ile ilikuwa ikiwabanduka watu, na kama mambo hayatabadilika kabla ya mvua itabidi iachwe, warudie kung'oa. Walikuwa wamejaribu kuongeza muda wa tindikali. Waliongeza pamba ili mate yasifike. Waliingiza hata jiko la mkaa chumbani wakidhani ni baridi. Jambo moja tu liliwashangaza wote wawili. Watu waliozibwa Chunya, katika safari za zahanati ya kutembea, hawakurudi. Dawa ile ile, mikono ile ile ya Philbert, na huko kwenye vumbi na joto la wachimba dhahabu meno yalishika.

"Basi ni baridi," alisema daktari.

"Jiko lilikuwepo, daktari. Mwalimu Kalista alikuwa anatoka jasho."

Daktari alikubali kwamba hilo ni kweli, akakuna kichwa.

Mwezi wa saba Philbert alipata likizo akaenda nyumbani Igowole. Kila usiku alipopiga magoti alilitaja jino la Kalista pamoja na wagonjwa wa ukoo. Esta alimsikia akamwambia kwamba malaika lazima sasa wanamjua mwalimu huyo kuliko wanavyowajua watoto wake. Philbert akasema hajui pa kwenda kuuliza isipokuwa huko.

Sikukuu ya mavuno ilikuwa imekaribia, na mzee wa kanisa, Yotamu, alitafuta watu wa kupaka chokaa kanisani. Philbert alijitolea. Walianza madhabahuni wakarudi nyuma, na ukuta ulikuwa mzuri, chokaa ya mwaka jana imekaa imara. Walipofika kwenye benchi la mwisho, lile linalogusa ukuta, Philbert aliona mviringo baada ya mviringo ambapo chokaa ilikuwa imebanduka mpaka udongo ukaonekana. Ilikuwa imejipanga safu moja, kimo cha mtu aliyekaa.

Aliuliza kulikoni. Yotamu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hivyo ni vichwa, mwanangu. Hawa ndio wanaosinzia mahubiri yakiendelea. Wanajipaka mafuta ya Jumapili, wanaegemea, wanalala. Mimi kila mwaka napaka, na kila mwaka chokaa inakataa palepale. Naweza kukutajia kila kiraka ni cha nani. Hiki ni cha marehemu baba yako."

Philbert alikitazama kiraka cha baba yake kwa mapenzi. Yotamu akatoa kikopo mfukoni akamnyooshea.

"Jipake mikononi kabla hujashika brashi," alisema. "Chokaa isikushike."

Philbert alichota. Vidole vyake vikazama kwenye mafuta ya mgando, laini, yenye harufu ile ile ya dirishani kwake Mbeya. Akabaki amesimama hivyo, kidole kikiwa ndani ya kopo. Jipake, isikushike. Yeye alikuwa akijipaka kila asubuhi ya baridi, kisha akiinua mdomo wa mgonjwa kwa kidole gumba kile kile, akisokota pamba kwa vidole vile vile, akilikausha jino kwa pamba hiyo. Na Kalista mwenyewe, kama kila mwanamke mwenye heshima zake, hakuweza kwenda hospitali midomo ikiwa imepauka. Alifika ameng'aa. Chunya hakuna anayejipaka, kwa lile jasho. Hata yeye huko hakujipaka.

Yotamu alimwuliza kama anaumwa. Philbert akasema haumwi, ila amejibiwa. Akaanza kucheka peke yake ndani ya kanisa, akarudisha kopo, akapaka chokaa kwa mikono mikavu mpaka ikamchoma.

Daktari Liberatus aliposikia habari hiyo hakucheka. Alitazama mikono yake mwenyewe, akavinusa vidole vyake, akasema, "Na mimi pia, Philbert. Mama watoto hunipaka kama mtoto wa ubatizo." Hata hivyo hakutaka waamini kabla ya kujaribu. Walichukua meno yaliyong'olewa, yaliyokuwa yakihifadhiwa kwenye chupa, wakayabandikia dawa. Mengine waliyagusa kwanza kwa kidole chenye mafuta, mengine walihakikisha hayaguswi na chochote isipokuwa pamba iliyoshikwa kwa koleo. Kila siku Philbert aliyatoa kwenye maji ya moto kama ya chai akayatia kwenye maji ya baridi ya bombani, akayarudisha tena, ili meno yateseke kama yanavyoteseka kinywani mwa mtu wa Mbeya. Mwishoni mwa Agosti daktari alirudi. Yaliyoguswa mafuta aliyabandua kwa ukucha. Mengine aliyajaribu kwa kijisu, nacho kikateleza.

Hata hapo daktari alimwonya. Kinywa ni mahali pa maji siku zote, alisema, na maji hutafuta kingo. Dawa iliyoshika vizuri leo inaweza kulika pembeni polepole, mwaka hadi mwaka, bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo mgonjwa arudi kila mwaka, kingo zipakwe upya kabla maji hayajapata njia. Philbert alilishika neno hilo kuliko mengine yote.

Kalista aliitwa, akaambiwa aje bila kujipaka kitu chochote usoni. Lilikuwa jambo gumu kwake kuliko tindikali. Alifika midomo imechanika, amejifunika mpaka puani, na Nkuba akasema kwamba njiani watu walimwuliza kama mkewe amekosa matunzo. Philbert naye alikuwa na mikono iliyopauka, yenye mipasuko, iliyooshwa kwa sabuni na spiriti tu. Esta alikuwa amelificha kopo mwenyewe. Waliangaliana wawili hao kama watu waliotoka safari moja ya jangwani.

Alifanya kazi polepole. Jino lilipokuwa jeupe kama chaki, kavu, hakuligusa wala hakumruhusu mtu yeyote kusema. Alipomaliza Kalista alipitisha ulimi, akasema fimbo, akasema fisi. Hapakuwa na mluzi. Kisha akamtazama moja kwa moja.

"Sasa niahidi."

"Bado, mwalimu. Acha mvua mbili zinyeshe juu yake."

Kalista alisema hajapata kuona mtu mgumu namna hiyo. Lakini alirudi mwaka uliofuata baada ya mavuno, kingo zikapakwa upya, na mwaka wa pili akarudi tena. Mara zote mbili hakuuliza habari ya ahadi.

Mwaka 1977, kiangazi, barua ilifika zahanati ikiwaalika Philbert na daktari kwenye sherehe ya wahitimu wa kisomo huko Usangu. Walikaa kwenye viti chini ya turubai, vumbi la ng'ombe likipita. Kalista alisimama mbele akasoma majina, mdomo wazi, hana kitenge, na kila f iliyotoka kinywani mwake ilitoka safi. Halafu mzee Budeba, mkubwa kuliko wote darasani, akaitwa kusoma. Alisoma vizuri bila kukwama, na kila alipofika kwenye f alipiga mluzi. Wenzake wote waliosoma baada yake walipiga mluzi vilevile. Kalista alijishika kichwa. Nkuba alikuwa amelala chini kwa kicheko.

Budeba alisubiri watu watulie. Akafungua kinywa, akamwonyesha Philbert jino la mbele lililooza pembeni. Akasema kwamba maisha yake yote alijua jino bovu ni la kung'oa, na alikuwa tayari, lakini amelitazama jino la mwalimu wake kwa mvua mbili. Angekuja Mbeya lizibwe. Ila yeye ni mtu mzima, hawezi kusafiri siku nzima kwa ajili ya tuombe Mungu. Anataka kusikia neno la fundi, hapa, mbele ya wenzake.

Watu wote waligeuka. Kalista naye aligeuka, mikono kiunoni, anasubiri.

Philbert alifumba macho kidogo, kama afanyavyo kabla ya kila mgonjwa. Kisha akasimama, akainua mikono yake iliyopauka ili wote waione.

"Mzee Budeba," alisema, "siahidi kwamba jino lako halitaharibika. Hilo haliko mikononi mwangu. Lakini mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa, naahidi. Nitaligusa kwa mikono mikavu. Kila mwaka baada ya mavuno nitatazama kingo zake, ukishindwa kuja nitakufuata hapa. Na dawa ikidondoka, nitaibandika tena mimi mwenyewe, wala sitasingizia baridi."