Fundi Kola Apima Lori

Mwanamume akishaingiwa na lori kichwani, hana dawa. Mafua yana dawa, hata mapenzi yana dawa ingawa chungu, lakini lori likishaegeshwa kichwani mwa mtu, huyo mwachie Mungu wake.

Fundi Kola aliingiwa na lake akiwa kwenye cherehani. Duka lake la ushonaji lilikuwa kwenye kona ya barabara kuu: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu ambacho kila mteja alijiona ndani yake mwembamba kuliko alivyo. Fundi alikaa upande wa dirisha, mkewe upande wa mlango, na hivyo ndivyo walivyokaa tangu watoto wakiwa wadogo wanacheza na vifungo chini ya meza. Wakati huo kelele za watoto zilifunika kelele za barabara. Sasa watoto wameoa na kuolewa, kila mmoja ana mji wake, na Fundi Kola akaanza kuyasikia malori. Mara ya kwanza aliyasikia tu. Baadaye akawa anayajua kwa mlio. Ilifika wakati anaacha mkono wa koti haujaungwa, anatoka nje na tepu yake shingoni, analisindikiza lori kwa macho mpaka lipotee.

Na mtu huyu, jamani, alikuwa hajui kuendesha hata baiskeli.

Sasa kulikuwa na dereva mmoja, mteja wa siku nyingi, watu wakimwita Honi kwa sababu hakujua kuongea taratibu. Lori alilokuwa akiendesha lilikuwa lake mwenyewe. Siku moja alileta suruali ipanuliwe kiuno, akakaa kwenye kiti cha wateja kungoja, akafumba macho.

"Fundi," alisema, na vioo vikatetemeka, "mimi natamani kitu kimoja tu duniani. Kiti kisichotikisika."

"Na mimi nimechoka na kisichotikisika," akajibu Fundi Kola.

Wakatazamana. Mambo makubwa ya kijinga huanza hivyo, watu wawili wakitazamana bila mtu wa tatu wa kukohoa. Kabla suruali haijaisha walikuwa wamekubaliana: Honi achukue duka na kila kilichomo, auze soda na kadi za simu huku amekaa, Fundi Kola achukue lori, aajiri dereva, awe mfanyabiashara wa usafirishaji. Kikabaki kitu kimoja, ridhaa ya mke.

Mkewe alikuwa na pini mdomoni, na mwanamke mwenye pini mdomoni hupata nafasi ya kufikiri. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Baba watoto," alisema, "duka hili ndilo lililosomesha watoto wetu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao."

"Msala wenyewe una magurudumu, mke wangu."

"Sikukatazi. Nenda naye safari moja. Ukirudi, uniambie kweli. Si maneno ya kujipamba, kweli. Utakachosema, nitakifuata."

Fundi Kola alitoka pale amepauka. Afadhali angekataa! Mke akikataa, mume hupata wa kumlaumu mpaka uzeeni. Sasa duka lote, na jasho la mama watoto wake ndani yake, lilikuwa limewekwa kiganjani mwake, na kiganja kilikuwa kinamwasha.

Siku moja kabla ya safari, Honi aliegesha lori mbele ya duka, likiwa tupu na limeoshwa, akaingia ndani kukijaribu kile kiti. Akalala. Nje, Fundi Kola alikuwa analizunguka lori kama daktari, mpaka macho yake yakaanguka kwenye turubai, lile la kufunikia mzigo. Lilikuwa kubwa, limechakaa, limening'inia kila upande kama shati la kurithi. Moyo wa fundi ukamuuma. Yaani mtu na heshima zake atembee nchi nzima na nguo isiyomkaa?

Akachukua tepu. Akapima urefu, akapima upana, akapima mabega, maana kwake lori nalo lilikuwa na mabega. Akachora kwa chaki, akatia mkasi, akakunja pindo mara mbili, akashona kwa uzi wa nailoni na kutia matundu ya kamba kila pembe. Alipolivalisha, likakaa kama suti ya harusi. Hapakuwa na mkunjo. Wapita njia walisimama kutazama. Honi alitoka akipiga miayo, akaangalia kwa jicho moja, akasema, "Ee, limependeza," akarudi kwenye kiti.

Kesho yake asubuhi Fundi Kola alipanda lori amevaa suti. Utingo wa Honi alikuwa ameomba ruhusa kwenda kuoa, kwa hiyo kazi ya utingo ilimwangukia mwenye suti. Mzigo ulikuwa wa magodoro, na mwenyewe alikuwa mama mmoja mpana, mkali, aitwaye Mama Magodoro. Wapakiaji walianza kazi wakiimba. Magodoro, kama ujuavyo, hayana uzito ila yana kiburi. Yalijaa bodi, yakapita ubao, yakapita kichwa cha lori, na bado yanapanda. Fundi Kola alisimama pale akimwona mteja wake ananenepa mbele ya macho yake.

Turubai lilipotandazwa, lilifika juu ya magodoro likaishia hapohapo.

"Hili ni turubai," akauliza Mama Magodoro, "au ni kofia?"

Honi aligeuka polepole. "Fundi. Ulilipima lori lini?"

"Jana," alisema Fundi Kola kwa sauti ya mtu anayetafuta shimo la kuingia. "Likiwa tupu."

Kwa kweli ni kosa ambalo mtu wa malori hawezi kulifanya hata akilewa. Nani alipime lori likiwa na njaa? Lakini Fundi Kola maisha yake yote aliwapima watu, na mtu hata akila vipi hawezi kuota ghorofa. Honi alitazama mbingu, akaona ni nyeupe, akasema mvua haiko karibu. Mama Magodoro akasema yeye mvua haijui, anamjua Honi. Wakaondoka.

Na hapa niseme wazi: Fundi Kola alifurahi. Alifurahi vibaya. Walipolipita daraja la mwisho la mji, ambalo hakuwa amelipita tangu alipozikwa mjomba wake, alishusha kioo akatoa kiwiko nje kama alivyoona madereva wakifanya. Alipungia watu asiowajua mkono. Akauliza kila kilima kinaitwaje, na Honi, ambaye alikuwa akivipita vilima hivyo tangu ujana, hakujua hata kimoja. Kisha barabara ikateremka, na chini kabisa kukawa na mto. Mpana, wa rangi ya chai, unakwenda bila haraka. Fundi Kola akasahau kuuliza unaitwaje.

Walipokuwa wanapanda upande wa pili, mvua ikaja. Haikupiga hodi.

"Panda juu!" alinguruma Honi. "Shika kofia yako!"

Fundi Kola akapanda. Wanasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Yeye ngoma ilianza palepale juu. Akivuta turubai kushoto, kulia kunabaki wazi. Akivuta kulia, kushoto kunakunywa. Mwisho akajilaza kifudifudi juu ya mzigo, mikono na miguu kaitanua, suti yake akiichangia eneo la kufunika. Magodoro yalikunywa mvua yakashiba. Lori likaanza kulia kilimani, gia baada ya gia, limebeba mzigo ambao asubuhi haukuwamo. Na juu yake, Honi aliapa baadaye kwamba alisikia kwa masikio yake, mtu alikuwa anacheka.

Mnunuzi wa mji wa pili aliyabonyeza magodoro kwa kidole, maji yakamrukia machoni, akayakataa yote. Wakageuza. Mama Magodoro alipoyaona alishika kiuno.

"Niliwapa magodoro," alisema, "mmeniletea visima."

Fundi Kola, maji yakimchuruzika kwenye kola, aliomba radhi, akasema sifongo itakauka kwa jua, na vitambaa vya magodoro vilivyochuja rangi atavishona upya vyote, yeye na mkewe. Ndivyo magodoro yalivyokuja kuanikwa kwenye uwanja mbele ya duka, na cherehani mbili zikaanza kwenda asubuhi mpaka jioni. Mkewe hakumgombeza. Alishona tu, pini mdomoni, na ukimya ule ulimkata Fundi Kola kuliko mkasi.

Honi, kwa kuwa hakuwa na mzigo, alisema ataitumia nafasi hiyo kukaa dukani ajizoeze. Akakaa. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekihamisha kiti dirishani, akakihamisha mlangoni, akakitoa nje, akakirudisha.

"Hivi nyinyi," alisema hatimaye, "hili duka haliendi popote?"

"Liende wapi?" aliuliza mke wa Fundi.

"Sijui. Lakini ukuta ule nimeutazama mpaka nimeumaliza."

Akatoka kwenda kulitazama lori lake. Mke wa Fundi akasimamisha cherehani. Akatoa pini zote mdomoni.

"Haya. Niambie kweli."

"Kazi ile si yangu," alisema Fundi Kola. "Sijui mzigo, sijui barabara, hata mvua siijui. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba yenyewe nimejifunga, tena kwenye tundu nililolishona mwenyewe. Duka libaki."

"Hiyo ni nusu. Mbona ulirudi umelowa mpaka mfupa, na uso unang'aa kama wa bwana harusi?"

Fundi Kola alishika kitambaa, akakiacha.

"Niliona mto, mama watoto. Mkubwa. Miaka yote tuko hapa, na mto uko pale. Tangu watoto waondoke, lori likipita naona kila mtu ana pa kwenda isipokuwa mimi."

"Ndiyo utoe duka, ili uone mto?" alisema mkewe. "Baba watoto, mabasi yapo!"

Huko nje Honi alicheka mpaka kunguru wakaruka. Fundi Kola naye alitaka kucheka, lakini alipomtazama mkewe akaona hacheki.

"Isipokuwa wewe," alisema mkewe polepole. "Na mimi ninayekaa mlangoni? Mimi ninayeyaona hayo malori kabla hayajafika dirishani kwako? Ulidhani nilikuwa natazama nini?"

Fundi Kola aligeuka akakitazama kiti cha mkewe, jinsi kilivyokaa, kimeikabili barabara. Siku zote alidhani amekiweka pale kwa ajili ya mwanga. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, akasema, "Nisamehe, mke wangu."

Magodoro yalipokauka na kuvalishwa upya, yalipakiwa tena. Safari hii Fundi Kola na mkewe walilipima lori likiwa limeshiba, wakaliongezea turubai marinda kila upande mpaka likafunika mzigo wote na ziada. Mama Magodoro alilivuta huku na huku, akakosa kasoro, akaondoka amekasirika. Mlango wa duka ukafungwa siku ya kazi, jambo ambalo halijawahi kutokea, na juu yake kikabandikwa kipande cha boksi: TUMESAFIRI.

Honi alikalia kiti chake kinachotikisika, akaguna kwa raha. Fundi Kola, kwa mazoea, akasubiri apande wa mwisho, akae dirishani.

"Wewe katikati," alisema mkewe. "Wewe ulishaona."

Akakaa katikati, magoti yamebanwa na gia. Walipita daraja la mji, wakapita vilima visivyo na majina, na barabara ilipoanza kuteremka Fundi Kola akafungua mdomo, akanyoosha kidole amwonyeshe mto. Akakirudisha kidole taratibu. Mkewe alikuwa ameshauona.