Waogaji wa Mtaa wa Mierezi

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, Ines Battistella alishuka ngazi kumi na saba hadi chumba cha chini, akawasha kuni chini ya pipa la kuogea, kisha akazipanda tena kwa mikono na magoti ili akawafungulie mlango akina Oikawa.

Walikuwa wanne, baba, mama na mabinti wawili, wote wamekwisha kufa zamani, kila mmoja na taulo lake begani. Walivua viatu barazani, wakavigeuza vitazame barabarani. Walijisugua kwanza nje ya pipa, kisha wakaingia kwa zamu katika maji yale yale, baba wa kwanza, mama wa mwisho. Saa kumi na mbili walishika njia.

Nyumba ile ya mbao aliijenga Oikawa mwenyewe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Kanada iliwaondoa Wajapani wote wa Vancouver, ikawapeleka milimani, ikauza nyumba zao bila kuwauliza. Hii aliinunua babu yake Ines, Mwitaliano, kwa bei ya kutupa. Pipa la kuogea alilidhania la kutengenezea mvinyo, akalijaza zabibu. Miaka ilipita, hadi Jumamosi moja akawakuta akina Oikawa wamesimama kando ya zabibu zake na mataulo yao, wanangoja. Babu aliona haya. Alizitoa zabibu, akasugua pipa, akachota maji. Nyumba hakuirudisha.

Sasa Ines alikuwa na miaka sabini na mitano, na magoti yake yalikuwa yamekwisha. Mumewe, Lorne, alikuwa amepata fleti katika ghorofa ya kumi na nne, yenye lifti na sakafu ya joto. Bafuni palikuwa na bomba la mvua tu. Walitakiwa kutia sahihi ya kuuza nyumba Jumatatu.

"Nikikuona kwenye zile ngazi roho inanitoka," Lorne alisema. "Siku utakayoanguka nani atakuinua? Mimi mwenyewe nainuliwa."

"Na wao je?"

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa miaka yote hii hata ufagio hawajashika."

"Nyamaza, mzee. Mlango wa jikoni alikutengenezea nani?"

Ulitengenezwa na Oikawa, na tangu siku hiyo haujalia.

Jumamosi dalali alikuja kupima vyumba. Alikuwa mwanamke mchangamfu aitwaye Kirsty. Ukumbini alipishana na mabinti wa Oikawa, nywele zikiwachuruzika maji.

"Hao wapangaji?"

"Hapana," Ines alisema.

"Afadhali. Wapangaji wanachelewesha mauzo." Akaukunja utepe wake. "Na wala msijisumbue kupaka rangi. Mnunuzi anataka kiwanja tu. Wiki ya kwanza anabomoa."

Alipoondoka, Ines alishuka chini. Mama Oikawa alikuwa amemaliza kuoga, anakunja taulo. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na ndivyo alivyokuwa siku zote. Ines alipokuwa na miaka minne, mama yake akiugua, ni huyu aliyemwosha nywele katika pipa lile, akimziba macho kwa kiganja ili sabuni isimwingie. Sasa mwenye mvi alikuwa Ines.

"Mama, Lorne anataka tuhame."

"Nimesikia. Hamieni, binti yangu. Magoti hayo si ya ngazi hizi. Mume wangu alizijenga akiwa kijana, uzee hakuufikiria."

"Nanyi mtaoga wapi?"

Mama Oikawa alilinyoosha taulo likakaa sawa.

"Usitie shaka. Sisi kuhama tunakujua. Unachukua mzigo unaoweza kuubeba, mengine unayaacha."

Aliyasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwelekeza mwenzake dukani. Ines alikaa kwenye ngazi akalia, naye Mama Oikawa akakaa kando yake, akamshika mkono kwa mkono wake wenye joto la maji, mpaka kilio kikaisha.

Jumatatu Ines hakutia sahihi. Lorne alinuna siku mbili. Siku ya tatu alinunua mbao, akaanza kuweka ubao wa kushikia upande wa pili wa ngazi, akiukosea na kuukosea tena. Jumamosi alikwenda kuwasha moto yeye, akishuka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, huku akitukana kila moja.

Ines aliwangoja akina Oikawa mlangoni.

"Hatuendi," alisema. "Na nyumba hii ni yenu, mama. Siku zote ilikuwa yenu."

Mama Oikawa aliinama chini sana, kuliko alivyowahi kuinama. Mumewe akainama, na mabinti nao.

"Asante sana, binti yangu," alisema Mama Oikawa. "Basi tunaomba ruhusa tuingie."

Kulikuwa na baridi. Wote wanne walisimama barazani, miguu mitupu, mpaka Ines alipowaambia karibuni.