Pini Mdomoni

…kushoto, sasa tena kushoto, na hivi punde ilikuwa kulia, na anayeelekeza mwenyewe amekaa, amekaa kwenye kiti cha marehemu Baba, kikombe cha chai mkononi, miguu ameinyoosha kama mgeni wa askofu, na aliye juu ya stuli ni Constance, mikono miwili juu, pembe ya blanketi katika kila mkono, mdomo umejaa pini, na mtu mwenye pini mdomoni hawezi kusema wala kusonya, hata mate anameza kwa hesabu, kilichobaki ni kufikiri tu, basi afikiri, "À gauche, Consta, kidogo tena, iko inainama," alisema Estelle, inainama, ndiyo, inainama kwa sababu ukuta wenyewe umeinama, nyumba hii ya mtaa wa Hewa Bora ilijengwa na fundi aliyependa chupa kuliko timazi yake, kila anayeishi humu anajua kwamba kitu kikinyooka kwa macho basi kimepinda, lakini kulijua hilo ingebidi uishi humu, ingebidi uwe dada anayefika, siyo dada anayetuma picha… na yule mwingine, Olive, mke wa mwanawe Fils, ndiye aliyetakiwa kupanda kwenye kiti cha pili ashike upande wake ili Constance apate mkono mmoja wa kubania pini, lakini Olive yuko sakafuni na fundo la taa za rangi mapajani, mdomo wazi, anamsikiliza mtu wa Bulaya, ameshasahau kwamba kuna mwanadamu juu ya ukuta, msichana wa Butembo aliyekulia kati ya marobota ya jumla ya baba yake, anayejua bei ya kila kitu, na leo anameza maneno ya bure kama uji, "Kwetu ku Liège," alikuwa akisema Estelle, "Noël bila neige haiko Noël," kwetu! kwetu Liège, mtoto wa kambi ya reli, na ndiyo maana ametoa kwenye sanduku lake kopo la theluji, theluji ya kupuliza kama dawa ya mbu, akapuliza kwenye vioo vyote vya sebule, vyote, na nje mvua ya Desemba inapiga bati kama watu wanaomwaga mahindi, parachichi uani linadondosha maji, jasho linamtiririka Constance ubavuni, na katikati ya joto hilo, theluji, na inanuka kama rangi ya kucha, na nani atakayeikwangua mwezi wa kwanza, si atakuwa yeye, kwa kisu cha mkate… Constance ana utaratibu wake wa nyumba na hakuukopa kwa mtu, Majilio yakianza matakia yanavaa zambarau, Pasaka yanavaa meupe, baridi ya mwezi wa sita ikifika anatoa lile blanketi zito lenye pamba kuukuu katikati, tarehe mosi Agosti, siku ya wazazi, wakirudi makaburini anatandika mezani lile la maua ya manjano, na Noeli ni hili, hili la Mama, linatundikwa ukutani juu ya redio, kila mwaka, kabla Olive hajaolewa, kabla Fils hajazaliwa, halihitaji taa wala theluji, vipande vya kitenge vimeshonwa kimoja kimoja kwa mkono, nyekundu zikienda kwenye kahawia, kahawia zikienda kwenye kijani, na katikati buluu, ile nguo ya kazi ya Baba, nyota moja ya buluu iliyofuliwa mpaka ikawa na rangi ya moshi, na watu huja wakasema, Mama Fils, mbona huuzi, ungetajirika, kana kwamba kitu ambacho mtu anakifanya jioni kwa raha yake, miguu imetulia na redio ikisema chini chini, ni lazima kiwe na bei, watu wapumbavu, waache waulize… "Mimi njo nilikuwa namukamatia Mama bipande," alisema Estelle, sauti imelainika, ile sauti ya kwenye simu za video, "pale ku camp, mimi mutoto, Mama anashona, mimi namukamatia, alinifundisha mimi wa kwanza," na Olive, "Eh, mama mukubwa, kumbe!" kumbe nini, binti, kumbe nini, muulize alishona nini katika maisha yake, Constance pini nusura imchome ulimi, huyu ambaye kazi ya mikono ya masista ilipofika alikuwa anamletea mdogo wake karameli mbili chini ya kitanda, "Consta, unishonee, nitakupa ingine kesho," na ile ingine haikuja hata siku moja, na sista akakiinua kile kitambaa mbele ya darasa akasema angalieni kazi safi ya Estelle, na Estelle akainamisha kichwa kwa aibu nzuri, aibu ya mtu anayestahili, alikuwa nayo tangu wakati huo, hakuinunua Liège, mpaka leo hawezi kurudisha kifungo cha shati, juzi amempa Olive koti lake, "unifungie hii, vidole vyangu havizoei tena," tena! kana kwamba vilizoea… Mama alijifunza kwa masista wa Mitwaba, kabla ya kuolewa na kuletwa mjini, wenzake walijifunza kushona vitambaa vya altare, yeye akaona vile vibaki vinavyofagiliwa chini ya meza akauliza kama anaweza kuvichukua, ndivyo alivyoanza, kwa takataka za masista, na kambini alikuwa hatupi kitu, kola iliyokufa, mkono wa shati, pagne ya kitenge iliyoungua pasi, Constance anaikumbuka mikono ile kuliko anavyoukumbuka uso, kidole cha kati kimekakamaa kwa sindano, na jinsi alivyokata uzi kwa jino la pembeni bila kuacha kuongea… na sasa huyu ameinuka, kikombe ameweka juu ya redio, juu ya redio moja kwa moja bila kisahani, anasogea mpaka chini ya blanketi, analishika pindo, mikono ya Constance inazidi kuwa mizito, anaiweka pua yake kwenye pindo, macho amefumba, "Olive, kuya usikie, kuya, harufu ya Mama iko bado humu," na Olive ameacha taa, amekuja, amenusa, ameitikia kwa kichwa, wanawake wawili wazima wananusa kitambaa, na Constance kutoka juu anaona utosi wa dada yake, nywele za kununua zimegawanywa katikati barabara, na kicheko kinampanda kifuani mpaka anakibana kwa pua kwa ajili ya pini, kwa sababu kile kipande, kile chenye tausi, Mama hakukiona kwa macho yake, kile alikinunua Constance mwenyewe soko la Kampemba mwaka juzi, Mama akiwa ameshalala kaburini, baada ya bati kuvuja na pindo lote kuoza, na ile harufu ni sabuni, sabuni ya mche, Estelle analilia sabuni, na si pindo tu, upande wa kulia wote ni kushona kwake, kushoto nusu, panya walikula, jua lilikula, kila mwaka kipande kimoja viwili vinakufa na yeye anatia vingine, ndivyo blanketi linavyoishi, kama familia, ya Mama imebaki nyota ya katikati na zile safu zinazoizunguka, basi, aseme nini sasa, aseme, atatema pini moja moja kwenye kiganja bila haraka na atasema, yaya, hiyo unayobusu ni ya soko, akaitengeneza sentensi hiyo, akaipima, akaondoa neno yaya, la dada mkubwa, akalirudisha, kwa sababu pamoja na yaya inakata zaidi, yaya, hiyo unayobusu ni ya soko, Mama alikufa bila kuiona, na wewe hukumwona akifa, ndiyo, na hiyo pia aiongeze, mbele ya Olive, ili Olive ajue, ile siku ya kilio tulipokea mashada makubwa kuliko mlango, na T-shati zenye picha ya Mama, na video yako, umevaa miwani myeusi, mshumaa nyuma, ukisema papiers, papiers, hati za ukaaji hazijatoka, na watu wa kwaya wakasema lakini huyu mtoto anampenda mama yake, na aliyemwosha Mama alikuwa amekaa nyuma na hakuna aliyesema kitu juu yake… "Consta," Estelle aliinua uso, macho yana maji kweli, yule siku zote alikuwa na machozi tayari, "hii nitaenda nayo. Sikiya, usikasirike. Nitaitundika mu salon yangu, bageni baone. Wewe uko na zingine, kabati inajaa." Wewe una nyingine. Lo. Alilisema kama mtu anayeomba chumvi. Wewe una nyingine, na ni kweli, kabati limejaa, hilo ndilo linalochoma, miaka yote ya jioni zake imekunjwa mle ndani na huyu hakufungua hata moja kuangalia, hakuuliza hili la maua ni la lini, anataka la Mama, na la Mama ni la Constance, na hajui, na Olive anaangalia zulia, Olive angalau amesikia kwamba neno fulani limeanguka vibaya, "Mmm," alisema Constance kwa pini, siyo ndiyo wala siyo hapana, "Unaona, anakubali," alisema Estelle, akarudi kwenye kiti cha Baba… hapana, hakubali, sentensi iko tayari, ni mikono tu, ngoja mikono, huyo Olive apande basi, na kwa nini inamwasha hivi, si blanketi, anaweza kushona lingine kufikia Pasaka, anajua ni nini, amelijua muda wote na amelizunguka kama dimbwi, ni ule mwaka wa mwisho, Mama kitandani chumba cha nyuma, macho yamekwisha, akili inakwenda na kurudi, blanketi hili juu ya magoti yake, na Constance amemaliza tu kushona safu mpya upande wa kulia, akamwekea mkono juu ya safu, Mama, gusa, na kile kidole cha kati kikatembea polepole juu ya mishono, kikarudi, kikatembea tena, na uso ukafunguka kama dirisha, "Estelle," alisema Mama, "mutoto yangu, Estelle, mikono yako iko muzuri," na Constance aliyekuwa amepiga magoti pale na beseni la maji alisema, "Ndiyo, Mama," kwa sababu angesema nini, na siku iliyofuata tena Estelle, na mpaka mwisho Estelle, Estelle nipe maji, Estelle umerudi, Estelle usiende tena, na kila mara ndiyo Mama, ndiyo Mama, siendi, hakumwambia mtu, hata padri hakumwambia, angemwambia nini, kwamba ana wivu na jina… na Jumapili alikuwa akipiga namba ya Liège, anamwekea Mama simu sikioni, halafu anatoka uani kufua, maji yakimwagika kwa nguvu, hakutaka kuisikia ile sauti laini ikipokea mwishoni kile ambacho yeye alikuwa akikilea wiki nzima… "Na ku téléphone, mama mukubwa," Olive alikuwa akiuliza, labda ili kuondoa lile neno lililoanguka, "bibi alikuwa angali anakujua?" na Estelle akacheka, kicheko kifupi, siyo cha video, "Kunijua? Olive, ule mwaka wote hakuniita hata mara moja Estelle. Ilikuwa paka Constance, Constance tu. Mimi nasema, Mama, ni mimi Estelle, niko ku Liège. Yeye, Constance, ulikula? Constance, juu ya nini haukai chini, unatumika sana, mutoto yangu, kuya ulale hapa pembeni yangu. Mimi niko mu cuisine yangu, kule, na manteau sijavua, nashika simu…" mvua ilizidi, bati likameza maneno mawili matatu, Constance akanyoosha shingo, blanketi likateleza kidogo mikononi mwake akalishika, "…na wewe ulimujibu nini?" Olive aliuliza, na Estelle akairudisha miguu chini ya kiti, "Ningejibu nini? Mwanzo nilikuwa nalia. Kiisha nikasema, ndiyo, Mama, nilikula. Ndiyo, Mama, niko nakuya kulala," kule ng'ambo, mwanamke mzima na koti lake, ndiyo Mama, na yeye uani na povu mpaka kwenye viwiko, akimwaga maji kwa kelele, hatua chache kutoka kwenye dirisha, na ndani jina lake likiitwa, Constance, Constance, kuya ulale hapa, likiingia kwenye simu na kuondoka kwenda kwa mwingine, Jumapili hata Jumapili, kumbe Mama alikuwa anaita aliyekosekana, aliye karibu anakuwa yule wa mbali na wa mbali anakuwa yule wa karibu, au hakuwa anajua lolote, mtu mzee akili zimekwisha, usianze kutafuta maana, Constance, lakini alisema unatumika sana, unafanya kazi sana, hilo hakulitoa hewani, alikuwa ameona, kwa macho yaliyokufa alikuwa ameona, na hakumwambia, alimwambia huyu, huyu mwenye theluji ya kopo, huyu ndiye aliyepewa neno hilo alishike, na amelishika miaka yote hii bila kulifikisha kwa mwenyewe, kama vile yeye Constance anavyoshika yale mengine, usiende tena, mikono yako iko muzuri, maneno ya Estelle yote, yamo ndani yake, hajawahi kumpa hata moja… "Consta, à droite kidogo," alisema Estelle na kupangusa pua kwa kiganja, "uliipeleka mbali sana," na kwa kweli blanketi lilikuwa limekwenda mbali, akalirudisha, kulia, na akaitafuta ile sentensi yake, ilikuwepo bado, kali vilevile, akaiangalia kama mtu anavyoangalia kisu alichokichukua jikoni na kusahau alikuwa anataka kukata nini, blanketi hampi, hilo aelewe, hampi, na vioo atavikwangua mwenyewe kabla ya kupanda ndege, na kikombe kitoke juu ya redio, lakini si sasa, sasa wanyamaze wote, mvua nayo inyamaze, Olive asipande kwanza, asimkatize anayesimulia, muulize tena, Olive, wewe una mdomo huru, muulize, alisema nini tena Mama, Jumapili nyingine, alimwambia nini tena Constance.