Safu ya Jina la Baba

Watu waliopanda ngazi za Maktaba ya Nasaba, pale Kinondoni, walipanda na hadithi. Huyu bibi yake alikuwa binti wa mtemi, yule babu yake aliua simba kwa rungu. Auleria aliwasikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa, kisha akauliza swali lake moja: "Imeandikwa wapi?" Wengi walijibu kwamba walisimuliwa tu. Walishuka ngazi wamenuna, na yeye akarudi kwenye kadi zake.

Alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi hiyo. Aliingia akiwa msichana wa kufuta vumbi na kurudisha vitabu kwenye rafu, akasoma cheti, akasoma stashahada, akasoma shahada kwa masomo ya jioni huku wenzake wakiolewa na kuzaa. Kabati la kadi lenye droo sitini, alilolichora mwenyewe na kulisimamia huko Keko mpaka mafundi wawili wakamkimbia, lilikuwa na koo elfu moja na mia nne. Desemba mkuu wa kitengo alistaafu. Kiti kilikuwa wazi, na kila mtu katika jengo lile alijua ni cha nani. Ilibaki barua tu.

Rafiki alikuwa naye mmoja: Genoveva, mwalimu wa shule ya msingi huko Goba, mjane, waliyelala naye kitanda cha juu na cha chini bwenini tangu kidato cha kwanza. Genoveva alipojifungua mtoto wake pekee, Auleria ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo. Mtoto huyo, Clara, sasa alikuwa na miaka ishirini na saba, na Januari alileta mchumba. Isack, mhandisi wa maji, kijana wa hukohuko kwao Bukoba.

Kwao watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata wakiwa wametengana vizazi saba. Kwa kawaida jambo hilo huisha kwa dakika moja: kila upande hutaja ukoo wake, chai ikaletwa. Lakini Stephano, babu yake Clara mzaa baba, alilelewa na masista katika misheni ya Kashoro, akafa bila kujua yeye ni wa ukoo gani. Wazee wa Isack wakataka uhakika.

"Si tunaye Auleria?" Genoveva aliwaambia, akicheka. "Huyo atatumalizia."

Auleria akawamalizia. Aliwaandikia Kashoro, akaomba ukurasa wenye ubatizo wa Stephano, mwaka 1938. Ulikuja kwa simu, picha moja, maandishi yanasomeka vizuri. Katika safu ya jina la baba palikuwa pameandikwa: Gregori, katekista. Naye Gregori katekista hakuwa mgeni. Ndiye aliyemzaa babu yake Isack mzaa baba, na hilo lilithibitishwa na cheti cha ndoa, kaburi na wajukuu walio hai. Clara na Isack walikuwa vitukuu wa mtu mmoja. Aliandika taarifa ya kurasa mbili, akaigonga mhuri, akaipeleka pande zote mbili siku moja. Harusi ilivunjwa zikiwa zimebaki wiki tatu.

Baba mkubwa wa Isack, Mzee Augustine, alikuwa pia mjumbe wa baraza la maktaba. Kwenye kikao cha baraza alisimama akiwa ameishika taarifa ile mkononi. "Mama huyu ametuepusha na balaa la kutuaibisha vizazi na vizazi," alisema. "Kama yeye si mkuu wa kitengo, basi mie sijui mkuu anafananaje." Wote waliitikia. Ikakubaliwa kwamba barua itatoka Jumatatu, tarehe kumi na saba.

Alhamisi kabla ya Jumatatu hiyo, Hamida alicheka peke yake mbele ya kompyuta.

Hamida alikuwa msaidizi, binti wa Lindi, mwenye kazi ya kuingiza rejesta za zamani kwenye mashine. Kashoro walikuwa wametuma rejesta yao yote, kurasa mia mbili, naye alikuwa ameianza asubuhi ile.

"Dada Auleria, njoo umwone jogoo."

"Jogoo gani?"

"Gregori wako huyu. Mie nilidhani katekista anafundisha sala, kumbe! Watoto arobaini na watatu, dada, ndani ya miaka mitatu. Mama zao thelathini na tisa. Halafu cheki hapa, tarehe sita Mei kazaliwa wake mmoja Kashoro, na siku hiyohiyo mwingine kijiji cha kutwa nzima kwa miguu. Huyu mtu alikuwa na bodaboda?"

Auleria hakucheka. Alivuta kiti akasoma kutoka ukurasa wa kwanza, kidole kikishuka kwenye kioo. Alipofika wa tisa alikuwa ameshaelewa, kwa sababu kuelewa mambo ya namna hiyo ndiyo kazi yake. Watoto wale baba zao hawakuwa wamebatizwa, au walikuwa na wake watatu wanne, na padri hakutaka kuwaingiza kitabuni. Safu nayo haikuruhusiwa kubaki wazi. Basi katekista, aliyewafundisha mama zao, akawa anawekwa yeye. Watoto aliowazaa kweli walitambulika: pembeni mwa kila mmoja iliandikwa namba ya ndoa ya wazazi. Babu yake Isack alikuwa na namba. Stephano hakuwa nayo.

Kosa lilikuwa lake, wala hakulitafutia mwenye kulibeba. Kila mwaka aliwaambia wanafunzi waliokuja kwa mafunzo ya vitendo: soma kitabu, usisome mstari. Yeye aliomba ukurasa mmoja kwa sababu baraza lilikuwa linakutana wiki ile, na alitaka taarifa iwahi mezani.

Hamida alikuwa ameacha kucheka. Yeye ndiye aliyeichapa taarifa ile.

"Kwa hiyo baba yake Stephano hajulikani."

"Hajulikani."

"Basi Clara na yule braza si ndugu."

"Hatujui kama ni ndugu. Hivyo ndivyo inavyosemwa."

"Dada, 'hatujui' na 'ni ndugu' wapi na wapi! Mtoto wa watu kavunjiwa harusi. Mpigie mama yake sasa hivi."

"Nitakwenda Jumamosi," Auleria alisema. "Rejesta hii iache hapo ilipo. Anza ya Masasi."

"Sawa. Mungu akulipe, dada."

"Na Hamida, mkataba wako unaisha Juni, eti?"

"Juni, ndiyo."

"Tutauangalia."

Hamida alitabasamu, akijua ameahidiwa kitu. Alikuwa ameshafungua rejesta ya Masasi na kuandika majina mawili ndipo akaelewa ameambiwa nini. Hakugeuka. Aliandika jina la tatu.

Jioni ile Auleria aliyapima mambo kama alivyopima kila kitu. Taarifa ya kusahihisha ingebidi ipite kwa Mzee Augustine, ambaye asingependa kuambiwa kwamba alilisifu kosa mbele ya baraza zima. Barua ingeahirishwa. Nafasi ingetangazwa, na angekuja kijana mwenye shahada mbili za nje kumfundisha jinsi ya kupanga kadi alizoziandika mwenyewe. Upande wa pili alimweka Clara: msichana mzuri wa sura, mwenye kazi, umri bado unaruhusu. Mwanamume mwingine angepatikana. Kiti kingine kisingepatikana. Alikula, akalala usingizi wake wa kawaida.

Ijumaa Genoveva alipiga simu. "Shosti, mtoto hali. Anasema karatasi haiamini, ataamini akisikia kwa kinywa chako, wewe uliyemshika ubatizo. Isack kapata uhamisho Bukoba, anaondoka kesho na basi la saa kumi jioni. Kamwambia Clara ukitamka kwamba pana shaka, hata kidogo, hapandi. Njoo, uwamalizie hii kitu, watoto watulie."

"Nitakuja," alisema Auleria.

Nyumba ya Genoveva ilikuwa kwenye mteremko, na toka barazani uliona mabati mapya ya Goba yote yakimeta. Ndizi na nyama zilikuwa tayari jikoni. Clara alitoka chumbani amejifunga kanga, mashavu yamemwingia ndani.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Clara hakukaa. Aliweka simu juu ya meza, sauti ameifungulia. Ikasikika stendi ya Mbezi Luis: honi, wapiga debe, mtu anauza maji na karanga.

"Isack, kafika."

"Shikamoo mama mdogo," ilisema sauti ya kijana, kwa haraka. "Samahani kwa kukusumbua. Mie sina mengi. Tiketi ninayo mkononi, begi liko chini ya gari. Nataka kukusikia wewe tu. Ukisema pana shaka nalitoa begi, nakuja huko, baba mkubwa atanifukuza kama anataka."

"Kitabu cha Kashoro kimeandikwa Gregori," alisema Auleria. "Mwaka 1938. Kwa mkono wa padri."

Sentensi hiyo ilikuwa kweli tupu. Alikuwa ameiandaa.

"Na uliona mwenyewe?"

"Niliona mwenyewe."

Clara aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa Auleria.

"Mama mdogo, mie sikuulizi kitabu kimeandika nini. Hilo nimelisoma mpaka nimelikariri. Nakuuliza wewe. Tangu ulipoandika ile taarifa, hujaona chochote? Kitu chochote kilichokutia wasiwasi?"

"Clara!" Genoveva alisema. "Unamhoji mama yako kama polisi?"

"Mwache aulize," alisema Auleria. Alimtazama msichana yule machoni, kwa utulivu aliowatazamia watu wa simba na rungu. "Sijaona."

Sentensi hiyo haikuwa kweli, na ilitoka kwa sauti ileile.

Kondakta alipiga kelele upande wa pili, akataja Morogoro, Dodoma, Kahama, Bukoba. Isack alisema, "Basi. Asante mama mdogo. Clara, ujitunze." Simu ilikatika. Clara aliendelea kuitazama mpaka kioo kikawa cheusi. Halafu akafanya jambo ambalo Auleria hakulitarajia: akapiga goti, akamshika mkono, akamwambia, "Nisamehe. Nilikuwaga nakusema vibaya moyoni. Nilidhani kuna kitu unakificha." Akainuka, akaingia chumbani, na mlango ukafungwa taratibu, bila kubamizwa.

Genoveva alijifuta macho na ncha ya kanga. "Leo atalala. Na mie nitalala. Mungu akubariki, Auleria, hata ndugu wa tumbo moja asingekuja." Akaleta sahani iliyojaa. Auleria alinawa, akala. Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri, naye akaomba aongezewe mchuzi.

"Kitu kimoja tu kimebaki," Genoveva alisema akimimina. "Paroko anataka nakala ya taarifa iliyothibitishwa, afute lile tangazo la ndoa kwenye kitabu chake. Nitakufuata ofisini Jumatatu, au utakuwa na shughuli?"

"Hakuna haja ya kusubiri Jumatatu."

Auleria alijifuta mikono, akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na nakala tatu, kalamu, pedi ya wino na mhuri wa maktaba uliofungwa kwenye kitambaa.

"Umeukumbuka hata mhuri!" Genoveva alipiga makofi. "Ndiyo maana wanakupa ukuu. Mwingine angenizungusha wiki nzima."

Auleria alisogeza sahani pembeni, akafuta tone la mchuzi mezani, akazilaza karatasi sambamba. Aligonga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chini ya kila mhuri aliandika: Imehakikiwa, ni sahihi. Akatia saini na tarehe ya siku ile, kisha akapuliza wino, moja baada ya nyingine, mpaka ukakauka.